Sampuli ya Shimo la Tatu

Baba yangu alinipeleka shule ili nisishike jembe. Kila niliporudi nyumbani likizo, huko kwetu Ukuria upande wa Migori, alinishika viganja na kuvikagua kama vimelainika vya kutosha. Kwa hiyo siku niliyomwambia kwamba nimepata kazi ya serikali, na kwamba kazi yenyewe ni kuchimba mashimo, aliinuka akatoka nje. Baada ya muda alirudi akauliza, "Mashimo ya choo?" Nikamwambia hapana, ni mashimo ya kuchunguza udongo. Akauliza udongo umefanya nini.

Nilimweleza kwa subira, na mimi si mtu wa subira. Nikasema jengo kubwa haliwekwi mahali popote tu. Lazima kwanza mtu ashuke chini aone ni udongo wa aina gani, unabeba uzito kiasi gani, na mvua ikinyesha unafanyaje. Mtu huyo, nikasema huku nikijipiga kifua, ndiye mimi, na nimesomea. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mama na kumwambia, "Wamemfundisha kitu ambacho fuko huzaliwa akikijua." Mama alinitetea kwa kusema kwamba fuko halipwi mshahara.

Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado mchanga. Kituo changu kilikuwa Homa Bay, katika chumba kimoja nyuma ya bohari ya vifaa vya ujenzi. Chumba hicho tulikiita maabara kwa sababu kilikuwa na mizani. Kilikuwa pia na tanuri dogo la kukaushia udongo na vichekecheo vya shaba vya ukubwa mbalimbali, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuviosha vichekecheo hivyo. Mkubwa wangu alikuwa mhandisi Mwingereza, mtu mrefu mwenye shingo nyekundu, aliyekuwa na Kiswahili cha kuamrisha hata anapoomba chumvi. Alikuwa anajiandaa kurudi kwao, kwani wakati ule nafasi za Wazungu zilikuwa zinapewa wenyeji. Kabla ya kuondoka alitakiwa aandike barua ya kumpendekeza mtu wa kusimamia uchunguzi wote wa udongo wa eneo letu.

Mimi nilijiona nimeshapata. Maabara ile ilikuwa na watu wawili tu, mimi na bawabu. Lakini mhandisi akaniambia kwamba Kisumu kuna vijana wengine, tena wenye miaka mingi kazini. "Mimi napa wewe kazi moja, peke yako," akasema. "Wewe nafanya mzuri, mimi naandika barua. Wewe naharibu, vichekecheo iko." Niliitaka barua ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Niliitaka ili niende nikaiweke mbele ya baba nisiseme neno.

Kazi ilikuwa ya wodi ya wazazi, huko mashambani upande wa Ndhiwa. Wananchi walikuwa wamechanga kwa harambee na kuchagua kiwanja karibu na barabara, mahali tambarare pazuri. Nilipewa vibarua wawili, mikebe mitatu, nta, na siku kumi. Naibu wa chifu wa pale akanikaribisha nikae kwake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuja na langu, kwa hiyo nilipokewa vizuri sana.

Kwetu Migori mtu akichimba shimo watu wanajua anatafuta dhahabu, hilo halina mjadala. Nilidhani Ndhiwa watakuwa na mawazo mengine. Wapi! Wanaume walikuja siku ya kwanza wakakaa ukingoni mwa shimo, miguu inaning'inia, wakanitazama. Nikawaambia hapa hakuna dhahabu, ninatazama udongo tu. Wakaitikia kwa heshima kubwa na kuambiana kwa Kijaluo kwamba kijana huyu anajua kutunza siri. Kijaluo nilikuwa nakisikia vizuri kuliko nilivyoweza kukisema, na sikuwaambia.

Nilichimba mashimo matatu. La kwanza lilikuwa juu kidogo, kwenye mwinuko, la pili kando ya barabara, na la tatu katikati kabisa, pale ambapo wodi ingesimama. Katika mashimo yote juu kulikuwa na udongo mweusi, ule unaonata kwenye viatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Huo hata mtoto anajua kwamba hauwekwi nyumba, unaondolewa. Lakini chini yake, katika shimo la tatu, tulikuta udongo wa kijivu mkavu, mgumu mpaka sururu ilikuwa inaruka. Vibarua walilalamika siku mbili nzima. Mimi nilifurahi. Nikaandika kwenye daftari, "Imara sana," nikapigia mstari mara mbili. Ulikuwa mwezi wa kiangazi kikali, na kila kitu kilikuwa imara sana, hata ugali.

Sampuli ya udongo haichotwi kwa koleo kama mchanga wa kujengea. Unakata bonge la ukubwa wa mkate, polepole, bila kulitikisa, unalizungushia kitambaa, unalichovya kwenye nta iliyoyeyushwa, kisha unalitia ndani ya mkebe na kubandika karatasi yenye namba ya shimo na kina. Nilitayarisha mikebe yangu kwa madaha yote. Kwa kuwa nta haitaki joto, nikaomba mahali penye ubaridi, na naibu wa chifu akanionyesha chumba cha mama yake. Niliona magunia mawili pembeni. Sikuuliza yana nini, kwa sababu msomi haulizi magunia ya watu yana nini.

Huyo mama mzee wote pale walimwita Dani, yaani nyanya, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa mwembamba, mwenye macho madogo, na alijua Kiswahili cha soko. Nilisikia kwamba alikuwa anauza vitu Oyugis. Mke wa naibu wa chifu alikuwa mjamzito, mimba imeshakuwa kubwa, akitembea huku ameshika kiuno na kumcheka kila mtu. Hao ndio wenyeji wangu, na nakiri walinilisha vizuri.

Siku ya tisa niliwaruhusu vibarua watangulie kwenye kazi nyingine. Gari la kunichukua lilikuwa linakuja kesho yake asubuhi. Baada ya chai nikaenda kuhesabu mikebe yangu, nikakuta miwili iko wazi. Maganda ya nta yalikuwa yamepangwa vizuri juu ya kigoda. Mkebe mmoja, wa shimo la kwanza, ulikuwa mtupu kabisa, kitambaa kimekunjwa ndani yake. Ule wa shimo la tatu ulikuwa na bonge langu, lakini upande mmoja lilikuwa na alama. Nililigeuza kwenye mwanga wa mlango. Zilikuwa alama za meno.

Nilipiga kelele ambazo sijivunii. Mke wa naibu wa chifu akaja taratibu, mkono kiunoni.

"Ni nani amekula udongo ya serikali?" nikauliza.

"Ni mimi," akasema, bila aibu hata kidogo. "Pole, ndugu. Nilidhani ni ya mama. Nilisema leo mama ameleta odowa ya maana, hata imefungwa na nta."

Hapo ndipo nilipojua yaliyomo kwenye magunia. Odowa ni udongo laini unaoliwa na wanawake wenye mimba, na Dani alikuwa ameuuza kwenye soko la Oyugis tangu kabla sijazaliwa. Nilikuwa nimeweka sampuli zangu katika bohari ya mwuza udongo.

"Lakini nilikuwa nimeifunga isiharibike!" nikasema.

"Haikuharibika," akanituliza. "Hii ya shimo ya kwanza ni tamu sana, inayeyuka, nimemaliza yote. Lakini hii ingine, aa! Nimeuma tu nikaacha. Inashika meno."

Dani alisikia zogo akaingia. Alimega kipande cha bonge la shimo la tatu, akakitia mdomoni, akafumba macho, akakiacha kilowane kwa mate, shavu moja limejaa. Sasa serikali ilikuwa inaliwa mbele ya macho yangu. Kisha akatema nje ya mlango, akajifuta.

"Hii inafura," akasema.

"Inafura namna gani?"

"Imeingia kama punje ya mahindi, imetoka kama kiazi. Hii mimi siuzi. Nikiuzia mtu hii, tumbo yake itafura, atarudi na bwana yake kunipiga." Akanitazama. "Na wewe unataka kuweka nyumba hapo juu?"

Nilicheka. Naandika hivi ili ijulikane nilikuwa mtu wa namna gani. Nilimcheka mama mzee ndani ya chumba chake, nikamwambia kwamba mambo haya yana vipimo vyake, na kwamba udongo ule ulivunja mpini wa sururu. Akaniambia, "Wakati ya kiangazi hata mimi ni ngumu." Mkwe wake akacheka mpaka akakaa chini.

Maji yakimwagika hayazoleki, na udongo ukishamezwa ndiyo basi. Nilikuwa na mchana mmoja tu. Kukata bonge jingine katika shimo la tatu kulitaka siku mbili na vibarua wawili, na vibarua nilikuwa nimewaruhusu. Lakini shimo la kwanza, kule kwenye mwinuko, lilikuwa na udongo laini unaokatika kama sabuni. Nikashuka mle peke yangu na kukata mabonge mawili. Moja nikaliandikia shimo la kwanza. La pili nikalitia nta, nikabandika karatasi, na mkono wangu ukaandika shimo la tatu. Lile bonge lenye meno nikalificha kwenye mfuko wangu, kwa kuwa ningelitupa pale nyumbani kuna ambaye angelimaliza.

Homa Bay mhandisi alizipima sampuli zile mwenyewe kwa wiki nzima, nami nikaosha vichekecheo kwa adabu. Siku ya mwisho aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. "Shimo moja na shimo tatu nafanana kabisa," akasema. "Mimi hapana ona mambo kama hii." Nikamwambia hata mimi sijawahi kuona. Akaandika kwamba kiwanja chote ni kizuri, msingi uchimbwe. Kisha akaandika barua. Ilisema kwamba mimi ni mtu hodari, mwangalifu na wa kuaminika, na kwamba anapendekeza nipewe nafasi ile. Aliniachia niipeleke ofisi kuu Kisumu mwenyewe. Niliisoma mara nyingi mpaka mkunjo wake ukaanza kukatika.

Tatizo lilikuwa Dani. Kila nilipoisoma barua ile niliona shavu lake limejaa. Jumamosi nikaamua kumshinda mara moja nikalale. Nikalitoa lile bonge mfukoni, nikasaga kipande chake kikawa unga, nikatia robo bilauri ndani ya bilauri ya chai, nikaweka alama ya wino, nikamimina maji. Jumapili baada ya kanisa nikakuta udongo umefika nusu ya bilauri. Nikasema alama nimeiweka vibaya. Nikachukua bilauri nyingine, nikapima kwa rula, nikamimina maji, nikakaa kando yake mchana kutwa nikiilinda isije ikadanganya. Mpaka jua linazama ilikuwa imepita nusu. Niliitukana bilauri ile kwa Kikuria na kwa Kiswahili, na ikazidi kupanda.

Nilijua maana yake vizuri. Nilikuwa nimesomea. Mvua za kwanza zingenyesha, udongo ule ungefura, ungeinua wodi upande mmoja na kuiacha upande mwingine, na kuta zingepasuka juu ya vitanda vya wanawake waliojifungua. Tena mmoja wa wanawake hao nilikuwa namjua, na nilikuwa nimekula ugali wake siku kumi. Niliona aibu, si ile ya mtu aliyekamatwa, kwa kuwa hakuna aliyenikamata. Na bado nililitazama lile bonge nikawaza kwamba nikilitupa ziwani, hakuna mtu duniani atakayejua.

Jumatatu asubuhi mhandisi alikuwa anaondoka kwa meli ya Kisumu. Niliitia barua mfukoni mwa shati, nikalibana bonge kwapani, nikaifunika bilauri kwa kitambaa na kuibeba kwa mikono miwili kupita katikati ya mji. Watu walinipisha. Mwenye duka mmoja aliniuliza mgonjwa ni nani. Nilimkuta mhandisi gatini amekaa juu ya sanduku lake, kwenye foleni pamoja na abiria wengine na vikapu vyao. Nikamwonyesha bilauri. Nikamwambia kila kitu, haraka haraka, kabla ujasiri haujaisha.

Aliinua bilauri akaitazama. Kisha akauliza, "Nani nasema hii nafura?"

"Mama mmoja mzee, bwana. Anauza odowa."

"Yeye napima na nini?"

"Na ulimi."

Akanyoosha mkono. Nikampa bonge. Akaligeuza huku na huku, macho yakasimama kwenye zile alama. "Hii nini?"

"Ni meno, bwana."

"Ya nani?"

"Ya mke wa naibu wa chifu."

Aliitikia kwa kichwa, kana kwamba jibu hilo lilikuwa la kawaida. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alimega kipande upande usio na meno, akakitia mdomoni, akaanza kutafuna polepole huku akitazama ziwa. Foleni yote ikageuka. Mwanamke mmoja aliyebeba kuku akasema kwa sauti, "Kumbe! Mzungu pia iko na mimba!" Gati lote likaangua kicheko, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pia. Mhandisi hakucheka. Alitema ziwani, akajifuta kwa leso, akaniambia kwamba alipokuwa kijana chuoni walifundishwa kutafuna udongo ili kujua ulivyo, na kwamba aliacha siku alipopewa mashine.

Kisha akasema, "Lete barua."

Nikaitoa. Akaifungua juu ya goti, akachomoa kalamu, akaisoma kuanzia juu, kalamu ikifuata mistari. Ikafika mahali ikasimama. Niliona ni mahali gani. Aliishikilia pale mpaka nikadhani atanirudishia.

"Hapa mimi naandika wewe mtu ya kuaminika," akasema. "Mimi nakata hii neno, barua nabaki nini?"

Akaikunja akaitia mfukoni mwake. Akachukua karatasi nyingine, akaandika amri kwamba msingi usichimbwe pale, wodi isogezwe juu kwenye mwinuko, akaweka sahihi, akanipa. Alinipa mkono pia. Meli ikapiga honi, akapanda. Nilibaki gatini na bilauri yangu ya matope, nikalia kama mtoto, na yule mwanamke wa kuku, ambaye alikuwa amepanda tayari, akanipungia mkono akidhani namlilia Mzungu.

Amri ile niliipeleka mwenyewe. Wanaume wa pale walipoona wodi inahamishwa, wakakubaliana kwamba dhahabu sasa imepatikana. Naibu wa chifu akaniambia mama yake ameenda soko, basi nikapanda basi la Oyugis kumfuata. Sijui hasa nilimfuatia nini. Nadhani nilitaka kuhurumiwa, na nilitaka mtu aliyeniponza ndiye anihurumie.

Nilimkuta ameketi nyuma ya mafungu yake, ya kijivu, ya manjano, na mengine meupe, akiwauzia wanawake wa Kisii. Nikachutama kando yake. Nikamwambia alisema kweli, udongo ule unafura, nimepima mara mbili, na wodi imehamishwa. Halafu nikamwambia nimekosa cheo, atapewa kijana wa Kisumu, na mimi narudi kuosha vichekecheo, Mungu anajua mpaka lini.

Dani alimalizia kumfungia mteja fungu lake. "Pole," akasema. "Ulitaka hiyo kazi sana?"

"Sana, Dani."

"Mimi niko na hii kazi miaka mingi," akasema. "Wamekuja watu ya shule, wamekuja watu ya barabara, wamekuja watu ya kanisa. Wote niliwaambia, hapa inafura, hapa haifuri. Walicheka, kama wewe." Akapangusa mikono kwenye kitambaa. "Ni wewe peke yako umerudi kuniambia."

Yeye akasogeza kikapu, akanipisha nikae upande wake wa mafungu, si upande wa wateja. Akachagua kipande kidogo cha kijivu, akakipuliza vumbi.

"Funga macho," akasema. "Fungua mdomo. Na usiharakishe kusema."